Kwani mhalifu ni nani hasa?

Nafundisha sosiolojia ya uhalifu, na kila nikipata darasa jipya naanza na swali moja, nani humu ni mhalifu? Kimya, watu wanachekacheka tu. Nikiuliza nani ameshawahi kudaunilodi muvi za wizi, mikono kibao, tena bila aibu, kuna mmoja aliwahi kunyoosha yote miwili.

Utamu wa somo ndo uko hapo. Kitendo ni kilekile ila kukiita jinai ni uamuzi wa watu, na mara nyingi ni watu wenye nguvu. Uingereza mpaka 1961 ukijaribu kujiua ukapona unaweza kushtakiwa, yaani unatoka wodini unapelekwa kizimbani. Marekani nako kuanzia 1920 hadi 1933 walipiga marufuku kutengeneza, kuuza na kusafirisha pombe, ila kuinywa katiba haikukataza, kwa hiyo tajiri aliyejaza stoo mapema alikunywa kwake taratibu, aliyekuwa anauza kichochoroni ndo akaitwa mhalifu.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa William Chambliss, mwanasosiolojia wa Marekani, utafiti wake ulitoka 1973. Alifuatilia makundi mawili ya vijana wa shule moja, wanane wa familia zenye uwezo na sita wa familia za chini. Wale wanane walikuwa watoro, walevi, na usiku walikuwa wanaondoa vizuizi na taa penye mashimo ya matengenezo ya barabara halafu wanajificha wasubiri gari litumbukie. Hebu fikiria mtu angekufa! Ila walikuwa na magari, ujinga wao wanaenda kuufanyia mbali, na polisi akiwasimamisha ni samahani afande nyingiii, basi wanaachiwa. Wale sita hawana gari, wanakaa kona watu wote wanawaona, wanajibu jeuri, na kila siku wako matatani. Mji mzima ukajua wahuni ni wale sita.

Na ukishabandikwa lebo ya uhuni hata ukitulia watu wanakusubiri ukosee, mwisho unaona bora nifanye kweli. Siyo wote lakini, wenzangu wengine wanavyoongea utadhani lebo ndo inayoiba, mi sikubaliani, aliyeibiwa kaibiwa.

Halafu kuna wizi wa watu wa suti. Edwin Sutherland, naye mwanasosiolojia, alichambua kampuni kubwa 70 za Marekani, akakuta karteli za bei (kampuni zinapatana bei kwa siri), matangazo ya uongo, kudhulumu wafanyakazi, akasema huu nao ni uhalifu hata kama hakuna aliyefungwa. Kitabu kikatoka 1949 lakini mchapishaji aliogopa kushtakiwa akamlazimisha aondoe majina ya kampuni, maana huwezi kumwita mhalifu mtu ambaye mahakama ya jinai haijamtia hatiani, ambayo ndo hoja yenyewe jamaa aliyokuwa anaipinga! Majina yalirudishwa 1983, mwenyewe kashafariki tangu 1950.