Makusudio ya sharia: maana yake na pale watu wanapoteleza

Makusudio ya sharia, ambayo wanazuoni huyaita maqasid, ni manufaa yanayotafutwa na hukumu za Kiislamu, na madhara yanayokingwa nazo. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliyataja matano: kuhifadhi dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Al-Shatibi wa Granada, aliyefariki 1388, aliyachambua kwa ngazi tatu. Dharura, yaani mambo ya lazima, ikikosekana, maisha huharibika. Haja ikikosekana, watu huishi kwa dhiki. Ya mwisho ni mapambo, yaani unadhifu na adabu. Zikigongana, dharura hutangulia: anayekaribia kufa kwa njaa hula hata mzoga, kwa kadiri ya kujiokoa.

Mpaka hapo ni rahisi. Wengi huteleza wanapochanganya hekima ya hukumu na illa yake. Hekima ni faida inayotarajiwa; illa ni alama ya wazi ambayo hukumu imefungamana nayo.

Chukua abiria wa treni ya Tabora kwenda Kigoma, takriban kilomita 400. Kwa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Wasuni wengi nchini Tanzania, anaruhusiwa kusali Adhuhuri, Alasiri na Isha rakaa mbili mbili. Magharibi hubaki tatu. Treni ikiwa bado stesheni, sala ni kamili. Ruhusa huanza ikishaziacha nyumba za mwisho za mji. Akimfuata imamu mkazi, atatimiza nne.

Hekima ya ruhusa hiyo ni kuondoa mashaka, yaani taabu. Mbona basi aliyejinyoosha kwenye behewa la kulala anapunguza, na mchukuzi wa bandarini Kigoma, mgongo umelowa jasho, hapunguzi? Kwa sababu mashaka hayapimiki. Kila mtu angejipimia yake, na sala ingebaki bila kiwango. Safari, ambayo ndiyo illa, hupimika: kilomita 80 na ushei. Ndiyo maana anayetoka Kigoma mjini kwenda Ujiji naye husali kamili.

Kosa ni lilelile kwa anayesema, "Lengo la saumu ni kumhurumia maskini, basi nitatoa pesa nisifunge." Kwanza, lengo lililotajwa katika Qur'ani (2:183) ni uchamungu. Pili, fidia ina mahali pake: ni ya asiyeweza kufunga wala kuilipa saumu kwa kufunga baadaye, kama mzee dhaifu au mgonjwa asiyetarajiwa kupona. Naye hutoa chakula, kibaba kimoja kwa kila siku.