Eti lazima ujue siku uliyookoka?

Wengi tumekua tukisikia kwamba kama huikumbuki siku na saa uliyookoka, basi bado hujaokoka. Inaeleweka, maana shuhuda za machozi zinagusa, hata mi nazipenda. Ila fungua Biblia yako mwenyewe usome Matendo 16 yote, ni dakika chache tu: mwanamke mmoja, Lidia, yuko zake mtoni anamsikiliza Paulo akihubiri, Bwana akamfungua moyo kimyakimya, halafu mlinzi wa gereza, mji uleule wa Filipi, yeye mpaka tetemeko la ardhi ndo akauliza afanyeje aokoke. Na Timotheo je? 2 Timotheo 3:15 inasema alijua maandiko tangu utoto, siku yake ya kuokoka haijaandikwa popote. Waefeso 2:8 nayo isome taratibu, inataja neema na imani, tarehe haimo.