Wanaopigana uwanjani wanamtii nani?

Kila baada ya fujo za michezoni husikika maelezo mawili, na huwa yamekwisha kutolewa hata kabla majeruhi hawajafika hospitali. Aliyepiga akiwa mchezaji, tunaambiwa hasira zilimpanda akajisahau. Wakiwa mashabiki, tunaambiwa ni wahuni wachache waliojipenyeza, au umati uliingiwa na wazimu. Kazi yangu ni sosholojia ya michezo, na nimetumia muda mwingi darasani kuwaomba wanafunzi wayatilie shaka maelezo haya yote mawili. Yana kosa moja linalofanana: yanamhesabu anayepiga kuwa mtu aliyeshindwa kufuata kanuni. Ushahidi mwingi tulio nao unaelekea kwingine. Mara nyingi anayepiga anafuata kanuni, tena kwa bidii kuliko wenzake. Lililobaki ni kuuliza kanuni hiyo ni ya nani, na nani hufaidika ikifuatwa.

Nianze na wachezaji, maana huko mambo yako wazi zaidi.

Mwaka 1983 mwanasosholojia wa Kanada, Michael Smith, aliigawa jeuri ya wachezaji katika mafungu manne. La kwanza ni ile ambayo sheria za mchezo zinairuhusu: makonde katika mchezo wa ngumi, ukabaji wa raga. La pili ni ile ambayo sheria inaikataza lakini kila mmoja anaitarajia, kama kiwiko wakati wa kugombea mpira wa kona, au ngumi za wachezaji wa hoki ya barafu. La tatu ni vitendo vinavyovunja sheria ya mchezo pamoja na ile desturi isiyoandikwa ya wachezaji wenyewe. La nne ni jinai ya wazi. Mgawanyo huu umenisaidia kuliko nadharia nyingi zenye sauti kubwa, kwa sababu unaonyesha kwamba mpaka kati ya mchezo na uhalifu umewekwa na watu, na watu hao hao huusogeza. Katika ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, wawili wakitupiana ngumi adhabu yao ya kawaida ni dakika tano nje ya uwanja. Wafanye hivyo hivyo barabarani, watalala mahabusu.

Tazama kisa cha mwaka 2004. Mwezi Februari, Steve Moore wa Colorado Avalanche alimgonga na kumwumiza Markus Näslund, nahodha wa Vancouver Canucks. Waamuzi hawakutoa adhabu yoyote. Kwa kambi ya Vancouver hilo likawa deni, na maneno ya kulipiza kisasi yalisemwa hadharani, mbele ya waandishi wa habari. Timu zilipokutana tena Vancouver tarehe 8 Machi, Moore alipigana na mchezaji mmoja wa timu hiyo tangu kipindi cha kwanza. Ungedhani deni limelipwa. Kipindi cha tatu Todd Bertuzzi alimfuata kwa nyuma, akamtwanga ngumi ya kichwa na kumwangukia kwenye barafu. Moore alivunjika mifupa ya shingo na hakucheza tena katika ligi hiyo. Bertuzzi alikiri kosa la jinai mahakamani.

Hasira gani hukaa wiki tatu ikingoja ratiba ya mechi? Hapa tunaona kanuni ya kulinda heshima ya nahodha, kanuni ambayo chumba kizima cha kubadilishia nguo kiliijua, na mtu mmoja aliyeitekeleza kupita kiasi. Siandiki haya kumtetea. Shingo ya Moore ilivunjwa na mkono wa Bertuzzi. Lakini ukimtoa Bertuzzi peke yake na kukiacha chumba kile kama kilivyo, hujagusa chanzo.

Robert Hughes na Jay Coakley walilieleza jambo hili vizuri mwaka 1991. Walisema maadili ya mwanamichezo wa ushindani yamesimama juu ya imani nne: jitoe mhanga kwa ajili ya mchezo, tafuta kuwa bora kuliko wote, kubali hatari na ucheze na maumivu, usikubali kikomo chochote. Hakuna hata moja iliyo mbaya. Ndizo tunazowasifia mabingwa, ndizo tunazowafundisha watoto. Hatari inakuja pale mchezaji anapozishika bila kuuliza swali, akiamini kwamba asiyezishika si mwenzao. Huyo atachomwa sindano ya kuua maumivu ili acheze na kifundo kilichoteguka. Huyo huyo ataingia kwa mguu ulionyooka dhidi ya mpinzani, kwa sababu kama mwili wake mwenyewe haustahili huruma, wa mwenzake utaistahili vipi? Ndiyo maana sipendi kutenganisha mjadala wa jeuri na mjadala wa majeraha. Mwili wa kwanza anaoufanyia ukatili mwanamichezo wa aina hii ni wake.

Na utii huo una malipo. Mwezi Machi 2012 ligi ya futiboli ya Kimarekani, NFL, ilitangaza kwamba ndani ya timu ya New Orleans Saints, kati ya mwaka 2009 na 2011, kulikuwa na mfuko wa fedha wa kuwazawadia walinzi wanaowaumiza wapinzani hadi wakatolewa uwanjani. Kocha mkuu, Sean Payton, alifungiwa msimu mzima wa 2012. Wachezaji wanne nao walifungiwa, lakini mwezi Desemba adhabu zao zilifutwa na Paul Tagliabue, kamishna wa zamani wa ligi, ambaye aliwatupia lawama nzito makocha na uongozi wa timu. Katika michezo ni nadra sana lawama kupanda ngazi namna hiyo. Kwa kawaida huishia kwa aliye chini, mwenye jezi yenye matope.

Uanaume unaingia hapa pia, na sitaki kuupitia kwa haraka. Michael Messner, aliyewahoji wanaume waliokuwa wanamichezo, alionyesha jinsi mvulana anavyojifunza mapema kwamba kukubaliwa kwake na baba, na kocha, na wenzake kuna masharti: shinda, vumilia, usilie. Jeuri kwa kijana kama huyo ni tiketi ya kubaki ndani ya kundi, iwe anaipenda au anaichukia. Na wengi wanaichukia. Randall Collins, aliyechunguza kwa karibu sana nyakati watu wanapokabiliana ana kwa ana, alionyesha kwamba binadamu kwa kawaida hushindwa kupigana. Hutishana, hupiga kelele, husukumana, kisha hurudi nyuma kwa sababu ya mkazo na woga. Ndiyo maana ugomvi mwingi wa uwanjani huishia kwenye kushikana jezi. Ili ngumi itue sawasawa, kuna kitu lazima kimsaidie mtu kuvuka woga huo: kofia ngumu, wenzake nyuma yake, watazamaji wanaoshangilia.

Hapo tumefika kwa watazamaji. Kwanza niondoe imani moja iliyodumu mno, kwamba kutazama mchezo wa nguvu humpunguzia mtu hasira, zikamtoka kwa kupiga kelele. Mwaka 1973 Richard Sipes alilinganisha jamii 20, 10 zenye desturi ya vita na 10 za amani. Kama imani hiyo ni ya kweli, jamii za amani zingekuwa na michezo mingi ya mapambano, ya kutolea hasira. Alikuta michezo hiyo katika jamii 9 kati ya zile 10 za kivita, na katika 2 tu za amani. Nao Jeffrey Goldstein na Robert Arms waliwapima watazamaji wa mechi ya futiboli kati ya vyuo vya jeshi la nchi kavu na jeshi la majini vya Marekani, kabla na baada. Uhasama wao ulipanda, timu yao ikiwa imeshinda au imeshindwa. Kwa waliotazama jimnastiki haukupanda kwa kiasi cha kuhesabika.

Nadharia ya umati wenye wazimu ni ya mwaka 1895, ya Mfaransa Gustave Le Bon. Alidai kwamba mtu akiingia katika umati hupoteza akili yake na kuambukizwa hisia za wengine. Aliandika akiwa na hofu ya wafanyakazi waliokuwa wakiandamana, na hofu hiyo imerithiwa na kila msemaji wa polisi tangu hapo.

Watafiti wa Uingereza ndio waliofanya kazi kubwa ya kuibomoa nadharia hiyo, kwa sababu vurugu za soka kwao zilikuwa suala la taifa kuanzia miaka ya 1960. Ian Taylor alisema kijana wa tabaka la wafanyakazi alikuwa akipigania klabu aliyoiona inachukuliwa na matajiri. Hoja inavutia, ila haielezi kwa nini kijana huyo alimpiga kijana mwenzake wa tabaka lile lile badala ya mkurugenzi. Eric Dunning na wenzake wa Chuo Kikuu cha Leicester, wakifuata mawazo ya mwanasosholojia Norbert Elias, walionyesha kwamba fujo viwanjani zilikuwepo hata kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, wakaziunganisha na mitaa ambayo heshima ya mwanamume hupimwa kwa ngumi zake. Peter Marsh alikaa na mashabiki wa Oxford United na kukuta utaratibu wenye ngazi, vyeo na kanuni: nani aanze kuimba, nani afukuze, wapi kuishia kumfukuza mtu. Vitisho vilikuwa vingi kuliko majeraha.

Kwangu, Marsh aliona jambo la maana kuliko wote, ingawa alilipunguzia ukali. Kundi linalopigana lina kanuni. Lakini kanuni huweza kubadilika katika saa moja, na hapo ndipo kazi ya Clifford Stott na Stephen Reicher ilipotusogeza mbele. Katika Kombe la Dunia la 1998 nchini Ufaransa, mashabiki wa England walipigana Marseille, wakati wale wa Scotland walipita miji ya nchi hiyo hiyo kwa amani. Waskoti walijitambulisha kwa kutofanana na Waingereza. Mwenzao akianza ugomvi, wao wenyewe walimzuia. Waingereza wengi nao walifika bila nia ya kupigana. Waliposhambuliwa na vijana wa mji na kuona polisi hawawalindi, au wanawapiga wote bila kuchagua, wale wachache waliotaka vita waligeuka ghafla kuwa watetezi wa kundi zima. Mwaka 2004 Ureno ilijaribu njia nyingine katika Kombe la Ulaya: askari wachache wenye sare za kawaida, wanaozungumza na mashabiki, huku kikosi cha kutuliza ghasia kikiwa karibu lakini hakionekani. Katika miji yenye mechi kulikuwa shwari. Vurugu za mashabiki wa England zilitokea Albufeira, mji wa pwani uliokuwa chini ya kikosi kingine cha polisi kisichotumia njia hiyo.

Uchungu wa kushindwa nao hautoshi kueleza fujo hizi. Detroit iliwaka moto mwaka 1984, Chicago 1992, Montreal 1993, na miji yote mitatu ilikuwa ikisherehekea ubingwa. Huko Port Said, Misri, tarehe 1 Februari 2012, Al Masry waliifunga Al Ahly 3–1, na mashabiki wa walioshinda ndio waliovamia uwanja. Watu 74 walikufa. Kundi la mashabiki wa Al Ahly lilikuwa mstari wa mbele katika mapinduzi ya mwaka uliotangulia, na askari waliokuwepo usiku ule hawakuingilia. Hakuna nadharia ya soka pekee inayoweza kubeba siku hiyo.

Na hapa lazima niseme jambo linaloniuma kila ninapolifundisha. Tukihesabu vifo, mashabiki wanaouana ni sehemu ndogo. Lima, 24 Mei 1964: bao la Peru dhidi ya Argentina lilikataliwa, watazamaji wakaingia uwanjani, polisi wakafyatua mabomu ya machozi, watu wakakimbilia ngazi ambazo milango yake ilikuwa imefungwa. Walikufa 328. Accra, 9 Mei 2001: viti vikang'olewa na kutupwa, polisi wakajibu kwa mabomu ya machozi, zaidi ya watu 120 wakafa. Malang, Indonesia, 1 Oktoba 2022: mabomu ya machozi tena, ndani ya uwanja, ingawa kanuni za FIFA zinayakataza, wakafa 135. Na huko Malang mashabiki wa timu pinzani walikuwa wamezuiwa kuingia, kwa hiyo hapakuwa na adui wa kupigana naye. Katika uwanja wa Hillsborough, Sheffield, England, mwaka 1989, hapakuwa na vurugu kabisa. Watu 97 walikufa kwa kubanwa kwenye uzio, wa mwisho wao miaka mingi baadaye; mashabiki wakasingiziwa ulevi na uhuni kwa miaka mingi, hadi baraza la uchunguzi wa vifo lilipotamka mwaka 2016 kwamba waliokuwa wamekufa hadi wakati huo, 96, waliuawa isivyo halali na kwamba mashabiki hawakuchangia. Uzio ule ulijengwa na watu walioamini kwamba umati ni mnyama. Maelezo mabaya ya vurugu, yakifika mikononi mwa anayejenga uwanja au anayeshika funguo za lango, huua.

Kuna jeuri moja ya mashabiki ambayo haina umati, haina polisi, haina lango, na nadhani ndiyo tuliyoichunguza kidogo kuliko zote. David Card na Gordon Dahl, mwaka 2011, walilinganisha matokeo ya NFL na taarifa za polisi kuhusu wanaume waliowapiga wake au wapenzi wao nyumbani. Timu ya eneo hilo iliyotarajiwa kushinda iliposhindwa, matukio yaliongezeka kwa asilimia 10, na zaidi pale mpinzani alipokuwa mtani wa jadi. Iliposhinda bila kutarajiwa, hayakupungua. Hakuna aliyembana mtu huyu kwenye jukwaa, hakuna wimbo wala mabomu ya machozi. Alikuwa sebuleni kwake, na ongezeko hilo lilijikusanya katika muda mfupi, karibu na mwisho wa mechi.