Mtoto amekula keki ya bangi: usimwache alale

Hapa Kanada bangi ni halali kwa mtu mzima tangu 17 Oktoba 2018, na nyumba nyingi zina miche yake chini ya taa, ndani ya hema, kwenye chumba cha chini. Sina ugomvi na anayepanda kwa kufuata sheria. Ninachokigombea ni kile ninachokiona mara kwa mara nikiwa zamu, nikiwa muuguzi wa idara ya dharura hapa Ontario: mtoto mdogo analetwa asubuhi mwili umelegea kama hana mifupa, na ukiuliza alikula nini na saa ngapi, unajibiwa kwamba alikula jana jioni, "tukaona bora tumwache alale". Maswali yafuatayo naulizwa na wazazi wenzangu wanaozungumza Kiswahili.

Sheria inaruhusu miche mingapi?

Minne kwa nyumba, si kwa mtu. Mkiishi watu wazima watano kwenye nyumba moja, bado ni minne. Mbegu zinunuliwe kihalali, na kwa Ontario umri ni kuanzia miaka 19. Quebec hairuhusu kupanda nyumbani hata mche mmoja, na Mahakama ya Juu ya Kanada iliiunga mkono mwaka 2023. Kuvuka mpaka na bangi, kuingia au kutoka, ni kosa. Tafadhali msiwabebee jamaa zawadi Nairobi wala Dar es Salaam, huko ni kesi.

THC ni nini?

Ni kemikali ya bangi inayolevya. Iko kwa wingi kwenye maua ya mmea jike. Ua bichi likiliwa halilevyi sana. Moto ndio unaoiamsha nguvu yake. Kwa hiyo watu huyakausha maua, huyapasha kwenye oveni, kisha huyachemsha taratibu na siagi au mafuta. Siagi hiyo ndiyo inayoingia kwenye keki, na keki ndiyo inayoniletea wagonjwa.

Mwanangu wa miaka 3 amekula kipande kimoja tu. Anaonekana ana usingizi. Si nimwache alale, bangi itatoka yenyewe?

Hapana. Usimwache alale. Mpeleke hospitali sasa hivi.

Huo si usingizi wa kawaida. Mtoto mdogo aliyekula bangi anaweza kuzama kiasi cha kutoamka, akapumua polepole mno, au akapata degedege. Wengine tunalazimika kuwawekea mpira wa kupumulia na kuwalaza wodi ya uangalizi maalumu. Ukiwa umezima taa na kufunga mlango, nani ataona kwamba pumzi zinapungua?

Na "kipande kimoja tu" tukipigie hesabu. Pakiti nzima ya bangi ya kula inayouzwa dukani hairuhusiwi kuzidi miligramu 10 za THC. Gramu moja ya maua makavu yenye THC asilimia 15 ina miligramu 150. Mtu akitia gramu 10 za maua yake kwenye siagi ya treya moja, hizo ni miligramu 1,500. Tuseme nusu imepotelea jikoni. Treya ikikatwa vipande 20, kila kipande kinabaki na zaidi ya miligramu 35, yaani zaidi ya pakiti tatu za dukani, tena ndani ya mtoto wa kilo 14. Halafu siagi haichanganyiki sawasawa, kwa hiyo kipande cha pembeni kinaweza kuwa na mara mbili ya hicho.

Imepita nusu saa na bado anacheza. Si ina maana yuko salama?

Haina maana hiyo. Bangi ya kuvuta hupanda ndani ya dakika chache. Ya kuliwa huchukua kati ya dakika 30 na saa 2 kuanza, na huweza kuendelea kupanda hadi saa ya 4. Athari zake hudumu saa 12 na hata zaidi. Mtoto anayecheza saa moja usiku anaweza kuwa hajitambui saa tatu. Usisubiri dalili ndipo utafute msaada.

Nimpe maziwa?

Usimpe. Najua sisi tulikozaliwa kila sumu dawa yake ni maziwa, na nimeshachoka kulisikia hili. Mtoto mwenye usingizi ukimnywesha maziwa anaweza kupaliwa, yakaenda kwenye mapafu. Usimtapishe kwa kidole wala kwa maji ya chumvi. Usimmwagie maji baridi. Usimpe kahawa. Mlaze kwa ubavu, toa mabaki mdomoni, kaa naye.

Akiwa haamki, anapumua kwa shida, au amepata degedege, piga 911. Akiwa macho na hana dalili, piga kituo cha sumu, 1-844-764-7669, ni bure, na uwaombe mkalimani wa Kiswahili ukihitaji. Quebec wana namba yao, 1-800-463-5060. Wakikuambia mlete, mlete saa hiyohiyo, si baada ya futari wala baada ya baba yake kurudi kutoka kazini.

Lakini bangi ni mmea wa asili. Haijawahi kumuua mtu.

Muhogo mchungu nao ni mmea wa asili. Tuendelee.

Naogopa polisi. Nikisema ni bangi, si watanikamata na kuninyang'anya mtoto?

Hili ndilo linalowachelewesha wengi, hasa waliokuja karibuni na ambao karatasi zao bado zinashughulikiwa. Kuwa na miche minne ya halali nyumbani si kosa. Sitakuficha: ofisa wa ustawi wa watoto anaweza kuja kuuliza keki ilikuwa imewekwa wapi. Yatakuwa maswali magumu. Bado ni mepesi kuliko yale utakayoulizwa ukimleta mtoto saa 10 baadaye.

Na ukifika, sema kweli mlangoni. Ukisema "hatujui, ameamka hivi tu", daktari hana budi kufikiria homa ya uti wa mgongo au kuumia kichwa. Mtoto atapigwa picha ya ubongo na kuchomwa sindano mgongoni kuchukua maji, wakati neno moja lako lingemwepusha. Halafu kipimo cha mkojo kitatuambia tu. Njoo na mabaki ya keki kama yapo.

Kuna dawa ya kuiondoa THC mwilini?

Hakuna. Tunachofanya ni kulinda pumzi, moyo, joto la mwili na sukari mpaka itoke. Ndiyo maana nasema muda wa kulala ni hospitalini, penye mashine na mtu wa kuitazama, si chumbani kwako.

Mume wangu huvuta kila siku. Sasa anatapika kila mara, na nafuu yake ni maji ya moto bafuni. Anasema bangi inatuliza tumbo.

Bangi hiyohiyo ndiyo inayomtapisha. Akiacha kabisa, hukoma. Akipunguza tu, atarudi kwetu.

Na hema lenyewe lina madhara?

Unyevu wake huotesha ukungu ukutani, na mwenye pumu atakuwa wa kwanza kukohoa. Taa zisichomekwe zote kwenye waya mmoja wa kuunganishia. Kukamua mafuta ya bangi kwa gesi ya butani ni marufuku, na chumba kinaweza kulipuka.

Tuhifadhi wapi?

Ndani ya kitu chenye kufuli. Juu ya friji hapatoshi. Mtoto wa miaka 3 hujua kuvuta kiti. Chumba cha miche nacho kifungwe. Na mimi ningeshauri msiioke kabisa kwa umbo la keki, biskuti au pipi katika nyumba yenye watoto, kwa sababu hakuna mtoto atakayesoma ulichoandika kwenye kopo.

Mama mkwe amekuja kututembelea, akala kipande akidhani ni cha chai. Amekuwa kama aliyepigwa na kiharusi.

Piga 911. Mzee huweza kuchanganyikiwa, kuanguka, au mapigo ya moyo kwenda ovyo, na dawa zake za presha na sukari zinaongeza hatari. Huwezi kujua ukiwa sebuleni kama ni bangi au ni kiharusi kweli. Naye pia usimwache alale. Waambie wahudumu alichokula, na akizinduka mwambie na yeye mwenyewe, hata kama mumeo anakukanyaga mguu unyamaze.