Tabaka la grafiki juu ya video ni nini?

Kibao cha mabao unachokiona kwenye kona ya televisheni hakipo uwanjani. Mpiga picha hakukiona, wala lenzi haikukinasa. Kimewekwa na programu, njiani kati ya kamera na jicho lako. Kitu chochote cha namna hiyo, iwe nembo ya kituo, manukuu, mshale au mraba unaozunguka uso wa mtu, ndicho kinachoitwa tabaka la grafiki.

Neno "tabaka" linapotosha kidogo. Linakufanya uwaze kioo kilichochorwa kikawekwa mbele ya picha, kikakaa hapo hadi mwisho. Programu haioni hivyo. Kwake, video ni picha mgando zinazopita mbio, mara nyingi 25 au 30 kwa sekunde, na kila picha hiyo, yaani fremu, ni jedwali la namba tu. Fremu ya 1920 kwa 1080 ina pikseli, yaani vinukta vya rangi, 2,073,600. Kuchora juu yake ni kubadilisha baadhi ya namba hizo. Fremu inayofuata inakuja safi, haina habari na ulichochora kwenye iliyotangulia. Kwa hiyo kibao kinachoonekana kimetulia kimebandikwa upya kila mara: kwa fremu 25 kwa sekunde, dakika 90 za mchezo ni mara 135,000.

Kinachobandikwa huchanganywaje na picha ya nyuma? Hapa ndipo penye utamu wote. Kila pikseli ya mchoro hubeba namba tatu za rangi (nyekundu, kijani na bluu) pamoja na ya nne iitwayo alfa. Alfa ikiwa 0, pikseli haionekani kabisa; ikiwa 1, inaziba kilicho nyuma yake. Katikati, unazidisha rangi ya mchoro kwa alfa, unazidisha rangi ya video kwa kiasi kilichobaki kufikia 1, kisha unajumlisha. Tuseme mchoro una mwangaza 240, video ina 40, na alfa ni 0.25. Mchoro unachangia 60, video inachangia 30, jibu ni 90. Basi. Thomas Porter na Tom Duff waliiandika hesabu hii pamoja na nyingine za jamii yake mwaka 1984, na hadi leo hatujaihama.

Ni hesabu hiyo hiyo inayofanya kingo za herufi zionekane laini, maana pikseli za pembeni hupewa alfa ya nusunusu. Lakini kuna mtego. Picha nyingine huhifadhiwa rangi zake zikiwa tayari zimezidishwa kwa alfa. Usipojua, ukazizidisha tena, nembo nyeupe inatoka na ukingo wa kijivu kama masizi. Niliwahi kupoteza jioni nzima nikiilaumu fonti, yaani faili la maumbo ya herufi.

Suala la pili ni muda. Kwa fremu 25 kwa sekunde una milisekunde 40 za kusimbua fremu (kuifungua kutoka kwenye video iliyobanwa), kuchora na kuibana tena ili ichukue nafasi ndogo. Kwenye matangazo ya moja kwa moja, ukichelewa fremu imepotea. Ndiyo maana mzoefu haichori fonti upya kila fremu. Anachora kibao mara moja kwenye picha ya pembeni yenye alfa, kisha anakibandika tu, na anakigusa pale tu saa inapobadilika.

Tena usihesabu fremu ili kujua saa. Video nyingi zinazosemwa ni za fremu 30 kwa hakika ni 29.97. Ukigawa idadi ya fremu kwa 30, baada ya saa moja manukuu yako yamepishana na sauti kwa sekunde 3.6 hivi. Soma muda uliobandikwa kwenye fremu yenyewe, hasa kwa video za simu ambazo kasi yake hupanda na kushuka.

Rangi nazo zina vituko vyake. OpenCV, maktaba (mkusanyiko wa msimbo uliokwisha kuandikwa) ya kushughulikia picha na video, hupanga bluu kwanza na nyekundu mwisho, hivyo nembo nyekundu ikitoka bluu usishangae. Pia video nyingi zikibanwa huhifadhi rangi moja kwa kila pikseli nne, ingawa mwangaza hubaki wa kila pikseli. Maandishi membamba mekundu juu ya bluu yatavurugika. Meupe yenye mstari mweusi pembeni yatasomeka. Na ukiandika "ng’ombe" kwa kistari kilichopinda, baadhi ya maktaba za kuchorea zitakupa alama za kuuliza mahali pake.

Kuna tabaka lenye akili zaidi. Mwaka 1998 matangazo ya mpira wa Kimarekani yalianza kuonyesha mstari wa njano uwanjani, na wachezaji wakawa wanaukanyaga kana kwamba umepakwa kwenye nyasi. Siri yake ni kwamba programu inajua kamera imeelekea wapi, na inapaka njano pale tu pikseli inapokuwa na rangi ya uwanja. Mguu ukipita, rangi si ya uwanja, mstari unakatika.

Linabaki swali la kuamua mapema: mchoro uchomwe ndani ya video, au uchorwe na kichezeshi, yaani programu ya kuonyeshea video, wakati wa kutazama? Manukuu unayoweza kuyazima ni ya aina ya pili. Uliyochoma hayazimiki, na kama kuna herufi imekosewa, utaitengeneza video yote upya kutoka faili la asili. Kwa hiyo usilifute.