"Mimi nataka upasuaji, huko nije kufanya nini?"

Wiki hii nimeulizwa tena, safari hii na mwanafunzi wa mwaka wa tatu niliyemkaribisha kwenye kikundi cha patholojia, fani ya kutambua ugonjwa kwa kuchunguza tishu za mwili, kinachoendeshwa na wenzake. Nimechoka kulisikia swali hili.

Dhana kwamba kikundi cha fani ni cha waliokwisha kuichagua ndiyo inayoviua vikundi hivi. Nani atapenda kazi ambayo hajawahi kuiona ikifanyika? Darasani patholojia ni majina ya kukariri. Kwenye kikundi mtu anainamia hadubini, anaona viini vya seli vya zambarau vimesongamana, vikubwa kwa vidogo, vimepenya hadi kwenye mafuta, na anajua mgonjwa aliyekatwa kinyama hicho yuko wodini anasubiri jibu. Hapo ndipo moyo huanza kuvutika.

Na huyo wa upasuaji ndiye ninayemtaka zaidi, maana kesho ndiye atakayeniletea vinyama. Nimewahi kupokea kinyama kilicholowekwa kwenye maji ya chumvi badala ya fomalini, dawa ya kuhifadhi tishu. Kilikuwa kimeshaharibika, na mgonjwa ikabidi akatwe kinyama kingine. Kosa hilo linazuilika kwa nusu saa ya kushika chupa kwa mikono yako: fomalini mara 10 ya ujazo wa kinyama, chupa ya mdomo mpana, jina liandikwe kwenye chupa yenyewe, si kwenye kifuniko.

Nasikia pia: "Patholojia ni maiti." Sehemu kubwa ya kazi yetu ni vinyama vya watu walio hai.

"Wanafunzi hawawezi kitu bila profesa." Paul Langerhans alikuwa bado mwanafunzi Berlin alipoandika, mwaka 1869, kuhusu visiwa vya seli kwenye kongosho vinavyoitwa kwa jina lake hadi leo. Edinburgh, wanafunzi wa udaktari waliunda chama chao tangu 1737. Mlezi awafungulie maabara na kuwasahihisha. Ratiba na mada wapange wenyewe.

"Kikundi kizuri ni kile chenye wahadhiri wageni wengi." Hapana. Leteni slaidi moja ya hadubini na historia ya mgonjwa mmoja, kisha kila mtu aseme anachokiona kabla mimi sijafungua mdomo. Na uenyekiti msimpe wa mwaka wa mwisho: mitihani ikimbana, kikundi kinalala. Mpeni wa mwaka wa pili, na aliyemtangulia abaki karibu naye mwaka mzima.