Pemba: anza na mkondo, ufukwe hauondoki

Kila anayetaka kwenda Pemba huniuliza kwanza ufukwe upi ni mzuri. Namjibu, maana kazi yangu ni kuongoza wageni wa ndege na misitu na mgeni haachwi bila jibu: Vumawimbi. Kisha namwomba auache kwanza. Mchanga mweupe uko Unguja, uko Mafia, uko Diani. Pemba ina vitu ambavyo ukivikosa pale huvipati kwingine, na chanzo chake ni maji yaliyo kati yake na Tanga.

Mkondo unaoitenga Pemba na bara una kina cha zaidi ya mita 700. Ule wa Unguja sehemu kubwa haufiki mita 50. Katika zama za mwisho za barafu, yapata miaka 20,000 iliyopita, bahari ilishuka mita 120 hivi, Unguja ikaungana na bara na wanyama wakapita kwa miguu. Ndiyo maana Unguja ilikuwa na chui. Pemba haikuwa naye, kwa sababu bahari yake haikukauka. Imekaa peke yake kwa mamilioni ya miaka. Kwa hiyo usitafute wanyama wakubwa huko. Tafuta vinavyoruka, na mimea ambayo mbegu zake zilipata njia ya kuvuka maji.

Mimi humwanzisha mgeni Kidike, kwenye hifadhi ya popo. Huyu popo wa Pemba ni mla matunda, mabawa yake yakitandazwa hukaribia mita moja na nusu, na ukoo wake uko Madagaska, Komoro, Shelisheli na Asia. Bara zima la Afrika halina popo wa jenasi yake. Nenda saa kumi alasiri. Jua bado kali, nao wananing'inia juu kabisa, manyoya yao mekundu ya kutu, wakijipepea kwa bawa moja huku lingine limefunikwa kifuani. Joto likizidi hujilamba mabawa ili mate yakikauka yawapoze. Hawanyamazi: wanagombania tawi, wanasukumana, wanapigiana kelele mchana kutwa. Jioni huanza kuondoka mmoja mmoja, kisha makundi, kwenda kwenye miembe, mishelisheli na mikuyu. Mbegu wanazozidondosha njiani ndizo zinazorudisha miti mahali ilipokatwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa karibu kwisha. Walipigwa risasi kwa ajili ya nyama, na miti ya kulala ilikatwa. Kilichowaokoa ni vikundi vya wanavijiji walioamua kulinda maeneo ya malalo yao, pamoja na desturi ya kutokata miti ya makaburini, ambako popo wengi hulala. Hesabu za miaka ya 2000 zikavuka 20,000. Ombi langu moja: akitokea mtu anataka kupiga makofi ili waruke upate picha, mkatalie. Jike hubeba mtoto kifuani, na kurushwa mchana juani kunamchosha bure.

Pemba nzima ilikuwa msitu. Karne ya 19 mikarafuu ikaingia, na kimbunga cha mwaka 1872 kilipoangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikanusurika kwa kiasi kikubwa na tangu hapo ikawa ndiyo shamba kuu la karafuu. Msitu ukalipa gharama. Masalia makubwa ni Ngezi, kaskazini magharibi, ukishapita Konde. Barabara inapoingia msituni mwanga hupungua ghafla na hewa inakuwa na unyevu wa udongo na majani yaliyooza.

Humo ndimo ulimo mpapindi, mti mwembamba wa porini wa jamii ya minazi wenye shina lenye pete pete kama mwanzi, ambao haupatikani popote duniani ila Pemba. Ndugu zake wa karibu wako Madagaska na Komoro. Wageni wengi humpita mpapindi wakimtafuta kima punju, na hapo mimi hucheka kidogo, kwa sababu kima punju wa Ngezi ni mgeni kama wao: waliletwa wachache kutoka Unguja miaka ya 1970.

Ndege wa Pemba peke yake ni wanne. Watatu si lazima uingie msituni kuwaona: chozi wa Pemba, kidege cha manjano chenye pete nyeupe machoni, na ninga wa Pemba. Wawili wa kwanza utawakuta hata bustanini, ukiamka mapema. Wa nne ni bundi mdogo, na kwa huyo lazima ukae Ngezi mpaka giza liingie. Hulia "hu" moja, akanyamaza, muda ukapita, akalia tena. Ukiwa na bahati wa pili humjibu kutoka mti mwingine. Zima tochi, mwachie mwongozaji wa hifadhi amtafute kwa sikio. Ukianza kummulika ovyo anahama na usiku wako umekwisha.

Baharini nenda Misali, magharibi ya Chake Chake. Ndani ya mkondo ule ule, ukuta wa matumbawe unateremka karibu na ufukwe, ukiogelea kidogo tu unaona samaki chini yako na bluu isiyo na mwisho ubavuni. Kasa na ng'amba hutaga kwenye mchanga wake. Kisiwa hakina kijiji, lakini wavuvi hupiga dago, yaani kambi ya muda, hapo tangu zamani, na imani ya watu wa Pemba kwamba Nabii Khidhri aliswali pale imesaidia kukilinda kuliko ubao wowote wa onyo. Vaa kwa heshima, na usiokote kombe.

Kuhusu wakati, kalenda ya wavuvi inafaa kuliko ya mashirika ya ndege. Masika, Machi hadi Mei, njia za Ngezi ni tope na boti nyingi hazitoki. Kusi ikivuma bahari inachafuka upande wa mashariki, ila Julai hadi Septemba nyangumi hupita. Kaskazi, Desemba hadi Februari, huwa na joto na maji safi zaidi. Mimi hupendelea maleleji ya Oktoba na Novemba, upepo ukiwa unabadilika na bahari imelala, ingawa vuli inaweza kukukuta.

Kisha ndio Vumawimbi. Uko nyuma ya msitu wa Ngezi, kwa hiyo ukitoka kwa bundi asubuhi inayofuata umeshafika. Angalia maji kabla ya kuteremka: wakati wa bamvua, siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, bahari hupwa mbali sana na utatembea kwa muda kabla hujapata maji ya kiunoni. Maji yakijaa ndipo uoge. Na beba maji ya kunywa, maana kule mashariki duka huwa mbali kuliko wageni wanavyodhani.